Maharagi ya Kisangani: supu nzito iliyotembea njia ndefu

Ndugu msomaji, muulize mwana-Boyoma yeyote chakula cha kwao ni nini. Atakutajia lituma, samaki wa Wagenia, sombe iliyoiva katika mafuta ya ngazi. Ni wachache watakaotaja maharagi. Lakini ingia katika lupango lolote la Mangobo, la Kabondo au la ng'ambo kule Lubunga, saa kumi jioni, katika ile wiki ya mwisho wa mwezi ambapo feza imekwisha na mshahara bado uko njiani. Utaona nyungu moja kubwa juu ya mbabula, kifuniko kinacheza polepole, na watoto wanazunguka wakiuliza kila dakika kama imeiva. Ndani ya nyungu ile mara nyingi mna maharagi.

Nilipowaambia wenzangu kwamba nataka kuandika juu ya supu ya maharagi katika kitabu hiki cha desturi zetu, mzee mmoja alikataa kabisa. Alisema: «Maharagi ni chakula ya batu ya Kivu. Hapa kwetu haiote hata. Andika juu ya lituma!» Tulicheka, lakini maneno yake yalinibakia kichwani. Ni kweli, desturi ni nini? Ni kile tu kilichoota katika udongo wetu? Au ni kile ambacho mikono ya mama zetu imekizoea mpaka kikawa chetu? Nimeona ni vizuri nijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lile halihusu maharagi peke yake. Linahusu sisi wenyewe, watu wa mji huu, ambao wengi wetu wazazi wetu au wazazi wao walitoka mahali pengine.

Maharagi yalitoka wapi

Mzee alisema ukweli kuhusu udongo. Kisangani iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye kimo cha mita 400 hivi tu, na mvua inanyesha karibu miezi yote ya mwaka. Muhogo unafurahia hali hiyo, makemba vilevile, na mchikichi ndio usiseme. Maharagi hayafurahii. Joto linaangusha maua yake kabla hayajafunga, na unyevu unaleta kuvu linalochoma majani. Maharagi yanataka baridi ya milima: Lubero, Masisi, Ituri ya juu, kule watu wanakovaa sweta asubuhi. Kwa hiyo kila punje inayoingia katika nyungu ya Kisangani imesafiri.

Lakini tukianza kuuliza nani ni mgeni katika nyungu, tutamaliza na nani? Mahali pa kwanza pa maharagi ni Amerika, kule Meksiko na milima ya Andes. Yalivuka bahari baada ya safari za Wazungu za mwisho wa karne ya 15. Pilipili tunayoiita yetu ilitoka kule kule. Nyanya pia. Hata muhogo, ambao bila huo hakuna sombe, ulitoka Brazili na kuingia Kongo kwa njia ya Wareno. Makemba yalianzia Asia. Na mchele tunaoula pamoja na maharagi uliletwa huku na Waswahili na Waarabu katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip, yule ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls. Walipanda mpunga kando ya mto, na mpaka leo Tshopo na Maniema ni nchi za mchele. Lugha ninayoandika hapa ilikuja pamoja na msafara uleule, ikiwa na jina «maharagi» mgongoni, ndugu wa «maharagwe» ya watu wa pwani.

Katika nyungu yote, mwenyeji kamili ni mmoja: mafuta ya ngazi. Mchikichi ni mti wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, ulikuwapo kabla ya wote hawa. Labda ndiyo sababu maharagi ya hapa hayafanani na ya mahali pengine. Yule mzaliwa anawapokea wageni, anawapaka rangi yake nyekundu, na wote wanakuwa wa lupango moja. Mwenye kufahamu mji wa Kisangani ataelewa ninachosema.

Njia na «madesu ya bana»

Maharagi yanatufikia kwa njia mbili kubwa. Moja inatoka Beni na Butembo, inapita Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, zaidi ya kilometa 700 za msitu. Ya pili inatoka Bukavu, inapita Walikale na Lubutu. Miaka ya vita, tangu 1998, njia hizo zilikuwa matope na mashimo, lori halikupita. Na mto nao ulifungwa kuelekea Kinshasa. Ndipo tulipowaona wale vijana wa kinga, yaani baiskeli, wanaosukuma mzigo kwa miguu siku nyingi katika msitu, gunia juu ya gunia, fimbo imefungwa kwenye usukani ili kinga isianguke. Wengine walirudi na miguu iliyovimba. Wengine hawakurudi. Ndani ya mji, kinga hizohizo zilibeba watu, nasi tukaziita toleka, «tupite». Kuelekea mwaka 2010 njia ya Beni ilitengenezwa tena, malori yakarudi, na bei ya kopo sokoni ikashuka mpaka mama wa kawaida akaweza kununua bila kuhesabu mara tatu.

Furaha ile haikudumu bila wasiwasi. Tangu mwaka 2014 mauaji ya upande wa Beni, na baadaye ya Irumu na Mambasa, yamewatia hofu wenye malori. Na mwaka 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, mama wauzaji wa hapa walijua habari kwa njia yao: waliuliza kama maharagi yatakuja. Mtu anayepika maharagi Kisangani anasoma habari za Kivu katika kopo la sokoni. Kopo likijaa, kuna amani. Kopo likipungua, kuna jambo.

Kuna na jambo lingine la njia, ambalo kila Mkongomani analijua. Kwa Lingala, maharagi ni madesu. Na askari au mtumishi wa serikali akitaka umpe kitu kidogo, anasema anaomba «madesu ya bana», maharagi ya watoto. Basi fikiria lori lililojaa maharagi ya kweli. Kwenye kila barieri dereva anaombwa maharagi ya watoto wa mtu mwingine. Nani analipa? Mwisho wa njia analipa mama wa Mangobo, ambaye naye ananunua maharagi kwa ajili ya watoto. Tunacheka tukilisema, lakini ni kicheko cha mtu anayelipa. Sijui lugha nyingine ambamo chakula cha maskini kimegeuka kuwa jina la kumwibia maskini.

Namna mama alivyoipika

Mama yangu alizaliwa upande wa Opala, mahali ambapo maharagi hayakujulikana sana. Alijifunza kupika maharagi hapa mjini, kwa jirani mwanamke Mnande, na jirani yule alijifunza lituma kwa mama. Hivyo ndivyo mapishi yanavyotembea Kisangani, kutoka lupango hadi lupango. Nitaeleza kama alivyofanya, kwa nyungu ya watu wanane.

Kilo moja ya maharagi inatosha. Kwanza ni kuchagua. Unayamwaga juu ya sinia, unaondoa mawe, unaondoa yaliyotobolewa na wadudu. Kazi hiyo ilikuwa yetu sisi watoto, na hapo ndipo tulipofundishwa hesabu na hadithi kwa pamoja. Halafu unaosha na kulowesha usiku mzima katika maji mengi. Mama alikuwa na neno lake: «Kulowesha ni makala ya bure.» Ni kweli kabisa. Punje iliyokunywa maji usiku inaiva kwa saa moja na nusu au mbili. Punje kavu, na hasa ya zamani iliyokaa katika joto na unyevu wa bohari, inaweza kupigana na moto nusu ya siku. Asubuhi maji yale yanamwagwa.

Kisha nyungu inakaa juu ya moto na maji mapya. Mwanzoni moto uwe mkali, uache ichemke kabisa kwa nguvu, kwa sababu maharagi yasiyoiva vizuri yana sumu inayoumiza tumbo; mama hakujua jina la sumu ile, lakini hakumruhusu mtu kuonja mapema. Baadaye unatoa makala kidogo, moto unakuwa mpole. Hapa ndipo tulipogombana naye, kwa sababu tulitaka kukoroga kila mara. Alitufukuza: «Weye mutoto, usilete haraka mu nyungu yangu. Maharagi haipende kelele.» Maji yakipungua, unaongeza maji ya moto, kamwe si ya baridi.

Chumvi na nyanya zinangoja. Wapishi wengi vijana wanatia nyanya mapema, halafu wanashangaa maharagi yamebaki magumu. Uchungu wa nyanya unafunga ganda la punje, lisilainike. Wazee walijua na kinyume chake: chumvi ya kienyeji, ile inayochujwa katika majivu ya majani na maganda, inalainisha upesi. Ukitia kidogo tu, maharagi yanajisalimisha. Ukizidisha, supu inaonja sabuni.

Maharagi yakishalainika mpaka unaweza kuyaponda kwa vidole viwili, ndipo supu inapozaliwa. Mama alichota sehemu ya tatu, akaitia katika kinu kidogo, akaiponda mpaka ikawa kama uji, akairudisha nyunguni. Hapo mchuzi mwepesi unageuka mzito, mwiko unaacha njia nyuma yake. Pembeni anapasha mafuta ya ngazi, mwiko mmoja mkubwa, bila kuyaunguza mpaka yawe meupe, anakaanga vitunguu viwili, anaongeza nyanya tatu, halafu anamwaga yote juu ya maharagi. Samaki wa moshi, akipatikana, anavunjwavunjwa ndani. Pilipili moja inawekwa nzima, inaelea juu kama mtumbwi. Anayetaka ukali anaipasua katika sahani yake, na mtoto haumii.

Kuna namna nyingine, aliyoifanya kwa mgonjwa na kwa mwanamke aliyetoka kuzaa. Baada ya kulowesha, alisugua maharagi kati ya viganja mpaka maganda yakatoka na punje zikapasuka vipande viwili. Maganda yanaelea, unayamwaga. Vipande vinaiva upesi, vinayeyuka vyenyewe, na unapata supu laini isiyolisumbua tumbo. Wabeljiji nao wana supu yao ya namna hii, ya njegere kavu zilizopasuliwa, wanayoipika wakati wa baridi pamoja na nyama ya nguruwe. Mtu wa Liège na mama wa Mangobo hawakuambiana kitu, lakini walifikia wazo moja: punje kavu iliyopasuliwa ni rehema kwa mwenye njaa na kwa mdhaifu.

Hata wenye elimu ya chakula wanamuunga mama mkono. Maharagi makavu, karibu sehemu moja katika tano ya uzito wake ni protini, wakati muhogo karibu hauna. Mchele una kile ambacho maharagi yamekosa, na maharagi yana kile ambacho mchele umekosa. Sahani ya wali na maharagi inamlea mtoto ambaye baba yake hawezi kununua nyama. Wale Waswahili walioleta mpunga na wale vijana wa kinga walioleta maharagi hawakukutana kamwe, ila katika sahani ile.

Siku sita za mwaka 2000

Nimeacha kwa makusudi jambo hili mpaka sasa. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Makombora yaliangukia nyumba, shule na makanisa. Mamia ya raia walikufa, maelfu walikimbia. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Nchi mbili za nje zilikuwa zikigombania mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao.

Kwetu Mangobo walifika jamaa na wasio jamaa, kutoka komini ya Tshopo na kutoka Makiso, wengine bila viatu. Ndani ya nyumba ya vyumba vitatu tulihesabu watu ishirini na saba. Soko halikuwapo. Samaki hakuwapo, kwa sababu nani angetega mitego siku zile? Sombe haikuwapo, kwa sababu nani angekwenda shambani? Lakini chini ya kitanda cha mama mlikuwa na gunia la maharagi, halijafika hata nusu, na kidumu cha mafuta ya ngazi. Chakula kibichi kinamhitaji mtu atembee. Chakula kikavu kinamngoja mtu pale alipo. Siku zile nilielewa tofauti.

Mama alilowesha maharagi ndani ya ndoo, katika maji ya mvua. Mchana, bunduki zilipotulia kidogo, alipika ndani ya nyumba kwa makala machache, dirisha limefunguka kidole kimoja. Wageni walipoongezeka, mama mkubwa alisema kama desturi: «Batu bamefika, ongeza mayi.» Mama alikataa. Badala ya maji aliponda maharagi zaidi, nusu nzima ya nyungu. Alisema supu nyepesi inamwambia mgeni kwamba amezidi. Supu nzito, hata ikiwa vijiko vitano tu, inamwambia akae. Tulikula kwa zamu, watoto kwanza. Walikuwapo Walokele, Waturumbu, Wabali, Wanande, na mama mmoja ambaye jirani wengine walimtazama vibaya kwa sababu ya sura yake na wakati ule ulivyokuwa. Mama alimpa sahani kama wote, na hakuna aliyethubutu kusema kitu mbele ya nyungu.

Tangu siku zile sikubali mtu aniambie kwamba maharagi si ya kwetu.

Ya leo na ya kesho

Leo nyungu ile iko hatarini, na adui yake si askari. Makala yamekuwa ghali, kwa kuwa msitu unazidi kwenda mbali na mji. Mama anayefanya biashara tangu asubuhi hana saa mbili za kulinda moto. Vijana wanakula malewa, sahani ya kando ya njia, na wengi wanafikiri ladha ya maharagi ni ladha ya Maggi. Siwalaumu. Maisha yamebadilika, na malewa nao wanalisha mji. Lakini nimeona wasichana na wavulana wa chuo kikuu, watu wenye akili, wanaotupa maharagi kwa kusema «haya hayaivi», kumbe hakuna aliyewaambia juu ya kulowesha, wala juu ya nyanya kungoja. Ujuzi mdogo kama huo ukipotea, familia inapoteza chakula chake cha bei nafuu, na inakipoteza hasa wakati wa taabu, inapokihitaji kuliko siku zote.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, wala hayahitaji feza. La kwanza: loweshe usiku, kila mara, na umwonyeshe mtoto sababu yake. Ni makala ya bure leo kuliko jana. La pili: mvulana naye achague maharagi kwenye sinia pamoja na dada zake. Wengi wa wale waliosukuma kinga kutoka Kivu walikuwa wanaume, na waliporudi jioni njiani walijipikia wenyewe, hakuna aibu. La tatu: katika kila nyumba pawe na maharagi makavu kidogo pembeni, katika chombo kinachofunga vizuri, yamechanganywa na majivu makavu kama wazee walivyofanya ili wadudu wasiyatoboe. Si kwa sababu tunataka vita virudi. Ni kwa sababu mji wetu uko mwisho wa njia ndefu, na njia ndefu inakatika.

Na kwa yule mzee aliyetetea lituma nasema hivi kwa heshima: hatukosani. Lituma ni ya mababu, na isikose katika kitabu hiki. Ila siku utakapopita kwetu, mama atakupikia makemba aliyoyaponda kwa mkono wake, na juu yake atamwaga supu nzito ya maharagi, nyekundu kwa mafuta ya ngazi. Utakula vyote viwili kwa kidole kimoja, na hutaweza kutenganisha kipi ni cha mwenyeji na kipi ni cha mgeni.